Shambulizi la kigaidi likitokea mjini Kenya, makomando wa jeshi na wale wa polisi hugawanaje kazi?

Mdadisi_Arusha aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nimekuwa nikifuatilia namna jirani zetu wa Kenya walivyopanga vikosi vyao maalumu katika mapambano dhidi ya ugaidi, na lipo jambo ambalo bado linanitatiza.

Shambulizi la Westgate, duka kubwa jijini Nairobi, lilianza mchana wa Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2013. Liliua watu 67, na serikali ilitangaza kwamba limekwisha siku ya nne, ilhali uchunguzi uliofuata uliwataja washambuliaji wanne tu. Shambulizi la DusitD2 la tarehe 15 Januari 2019 lilifanywa na watu watano, mmoja wao akijilipua mwanzoni, katika eneo lenye hoteli, mikahawa na ofisi nyingi. Watu 21 waliuawa, takriban 700 wakatolewa salama, na kazi yote ikamalizika chini ya saa ishirini. Jiji ni lile lile, na waliodai kuhusika ni al-Shabaab wale wale.

Naomba wenye ufahamu wanieleze: Kenya ina vikosi vipi maalumu, na kila kimoja kina kazi gani? Ni nani aliye na amri ya mwisho mahali pa tukio? Je, isingekuwa afadhali makomando wote wakawekwa katika kikosi kimoja, chini ya jeshi, lenye silaha na mafunzo mazito zaidi?

---

AfandeMstaafu alijibu:

Ndugu Mdadisi, umeuliza vizuri. Nilitumikia polisi kwa miaka mingi, ingawa sikuwa katika vikosi unavyoviulizia, kwa hiyo nitaeleza yale ambayo yako wazi kwa umma.

Anza na jeshi. Ndani ya Jeshi la Nchi Kavu la Kenya kuna Rejimenti ya Operesheni Maalumu yenye sehemu tatu: 20 Para, ambao ni askari wa miamvuli, 30 SF, ambao ndio makomando hasa, na 40 RSF, kikosi cha uvamizi wa haraka. Jeshi la Wanamaji nalo lina wapiganaji wake wa mashua na ufukweni. Watu hawa wamefunzwa kupenya mahali adui alipo, kukaa porini siku nyingi wakiviziana naye, kuvamia kambi yake na kuondoka. Tangu Kenya ilipoingia Somalia mwezi Oktoba 2011 wamekuwa na kazi ya kutosha. Kuichukua Kismayo mwishoni mwa Septemba 2012, kwa askari kushushwa kutoka baharini, ni mfano wa kazi inayolihitaji jeshi na ambayo polisi hawaiwezi.

Upande wa polisi, kikosi kinachotajwa zaidi ni Recce, kampuni maalumu ya GSU, yaani polisi wa kutuliza ghasia, yenye makao yake Ruiru, karibu na Nairobi. Kazi yao kubwa ni kuokoa mateka na kuingia katika majengo ambamo muuaji na raia wamo chumba kimoja, na baadhi yao hulinda viongozi. Kisha kuna ATPU, kitengo cha polisi cha kupambana na ugaidi, kilichoundwa mwaka 2003. Wakati huo nchi ilikuwa imepigwa mara mbili: tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliposhambuliwa kwa bomu lililoua watu 213, siku ile ile walipouawa wengine 11 kwenu Dar es Salaam, na tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise ya Kikambala iliposhambuliwa. ATPU ni wapelelezi. Wanafuatilia mitandao ya magaidi, wanakamata na kuandaa kesi, na kuvunja milango si kazi yao ya kwanza. Wako pia wataalamu wa kutegua mabomu, na huko mpakani kaskazini mashariki utasikia sana habari za SOG, kikosi cha polisi cha operesheni maalumu.

Juu ya hao wote kuna NIS, ambao ni majasusi, na Kituo cha Kitaifa cha Kupambana na Ugaidi, kilichopewa nguvu ya kisheria mwaka 2014. Watu wengi hukichanganya kituo hiki na kikosi cha wapiganaji. Hakina makomando. Kiliwekwa ili idara zote zikae meza moja, habari aliyonayo jasusi imfikie mpelelezi, na aliyonayo mpelelezi imfikie atakayeingia mlangoni na bunduki.

Sasa hilo la kuwaweka wote chini ya jeshi mimi silikubali. Askari wa vita hufunzwa kwamba aliye mbele ya mstari wake ni adui, mpaka ithibitike vinginevyo. Ndani ya duka kubwa siku ya Jumamosi mambo ni kinyume kabisa, kwa kuwa kati ya watu elfu moja waliomo, wanne ndio adui, nao wamevaa kama wengine. Anayeingia humo anahitaji kutambua uso, mkono na kilichoshikwa mkononi kabla ya kidole chake kugusa kifyatulio. Bila shaka makomando wa 30 SF nao hufunzwa kazi hii, na nisieleweke kuwa nawadharau. Ninachosema ni kwamba kikosi ambacho hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku ndicho kinachopaswa kuitwa kwanza.

---

Katiba_Kwanza alijibu:

Maelezo ya Afande ni mazuri, nami naongeza lile ambalo kwangu ndilo kiini cha swali. Westgate haikukosa watu hodari. Ilikosa mtu mmoja anayetambuliwa na wote kuwa kamanda.

Kumbukeni mfululizo wa mambo siku ile. Saa za mwanzo, waliowatoa watu ndani walikuwa raia wenye silaha za leseni, polisi wachache waliokuwa karibu bila sare, na walinzi wa kujitolea kutoka jumuiya ya Wakenya wenye asili ya Kihindi. Recce walifika baadaye mchana huo, wakaingia, wakaanza kuwasukuma washambuliaji upande mmoja wa jengo. Kisha jeshi likaingia. Kama ilivyoripotiwa kwa mapana, pande hizi mbili hazikuwa na mawasiliano ya pamoja wala mpango wa pamoja, risasi za wanajeshi zikawapata Recce, na kamanda wao akauawa. Vikosi vyote viwili vikatoka nje. Jengo likabaki mikononi mwa wauaji kwa muda ambao kila dakika yake ilikuwa na majeruhi anayevuja damu sakafuni. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa chombo kilikuwa kimejaa watu.

Tazameni Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema nini. Kifungu cha 241 kinalipa jeshi jukumu la kulinda mamlaka na mipaka ya nchi. Ndani ya nchi, kinaliruhusu kusaidia na kushirikiana na mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na kila linapotumwa hivyo litoe taarifa kwa Bunge la Taifa. Kurejesha amani mahali palipokumbwa na machafuko kunahitaji kwanza idhini ya Bunge hilo. Kwa hiyo mjini, wakati wa dharura, jeshi ni msaidizi. Lakini Katiba haisemi msaidizi huyo akifika mlangoni amkabidhi nani mkono na apokee amri kutoka kwa nani, na hapo ndipo palipohitaji utaratibu ulioandikwa na kufanyiwa mazoezi mapema.

Mfano bora ninaoujua wa utaratibu kama huo ni wa London, mwaka 1980. Watu sita wenye silaha waliuteka ubalozi wa Irani tarehe 30 Aprili. Kwa siku sita polisi wa jiji waliongoza kila kitu: mazungumzo, mzingiro, habari kwa umma. Makomando wa jeshi, SAS, walikuwa wamejificha karibu wakifanya mazoezi ya kuingia, lakini hawakuwa na mamlaka yoyote. Tarehe 5 Mei, mateka mmoja alipouawa na mwili wake kutupwa nje, serikali ilitoa ruhusa, na saa 1:07 jioni ofisa mwandamizi wa polisi alitia saini karatasi ya kumkabidhi kamanda wa SAS udhibiti wa eneo. Uvamizi ulichukua dakika 17 hivi. Washambuliaji watano waliuawa na mmoja akakamatwa, na mateka wote waliosalia isipokuwa mmoja wakatoka hai. Kisha udhibiti ukarudishwa kwa polisi jioni hiyo hiyo, na makomando wakaondoka. Baadaye wanajeshi wale walilazimika kueleza mbele ya uchunguzi wa kisheria kwa nini walifyatua risasi.

Mtu anaweza kudhani karatasi ile ilikuwa urasimu wa Waingereza tu. Mimi naona iliokoa maisha, maana hapakuwa na dakika hata moja ambapo askari yeyote, awe wa polisi au wa jeshi, hakujua bosi wake ni nani.

Wajerumani walichukua njia nyingine. Mwaka 1972, katika michezo ya Olimpiki ya Munich, wanamichezo na makocha 11 wa Israeli waliuawa, wengi wao katika jaribio la uokoaji lililofanywa na polisi wasio na mafunzo wala vifaa vya kazi hiyo. Kwa kuwa katiba yao inaliwekea jeshi mipaka mikali ndani ya nchi, waliunda kikosi cha GSG 9 chini ya walinzi wa mpaka, yaani chini ya wizara ya mambo ya ndani, wala si jeshini. Kikosi hicho kilikuja kujulikana dunia nzima kwa kazi iliyofanyika katika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, uwanja wa ndege wa Mogadishu, usiku wa kuamkia tarehe 18 Oktoba 1977. Mateka wote waliokuwamo katika ndege ya Kijerumani ya Lufthansa iliyokuwa imetekwa waliokolewa, ingawa rubani mkuu alikuwa ameshauawa na watekaji huko Aden. Kwa hiyo ndugu Mdadisi, silaha nzito na sare ya jeshi si sharti. Waingereza walitumia jeshi, Wajerumani wakatumia polisi, na kote kuwili swali la nani anaamuru lilikuwa limejibiwa kabla ya risasi ya kwanza.

---

MkaaziGarissa alijibu:

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naona mnaipa amri uzito wote na kusahau umbali. Sisi wa Garissa tuliuonja umbali huo.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu wanne waliingia Chuo Kikuu cha Garissa yapata saa kumi na moja na nusu alfajiri. Waliuawa watu 148, karibu wote wanafunzi. Mji wetu una kambi ya jeshi, na wanajeshi walifika mapema wakalizingira eneo. Lakini kikosi chenye ujuzi wa kuingia katika bweni lililojaa mateka kilikuwa upande wa pili wa barabara ya takriban kilomita 370. Recce waliitwa asubuhi, wakangoja usafiri wa ndege, na operesheni yenyewe ya kuingia ikaanza alasiri ikiwa imekwenda. Waandishi wa habari waliotoka Nairobi kwa gari walikuwa wamekwisha kufika. Na makomando walipoingia hawakuchukua muda mrefu kumaliza kazi! Hilo ndilo linalouma zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba uwezo ulikuwapo tangu asubuhi, ila ulikuwa umekaa Ruiru.

Kamanda angekuwa mmoja, karatasi ikatiwa saini, mihuri ikapigwa, saa zile zingepotea vilevile. Magaidi wa aina hii hawateki watu ili wajadiliane kama wale wa ubalozi wa London. Wanakuja kuua wengi iwezekanavyo hadi wao wenyewe wauawe. Siku sita za mazungumzo hazipo, hata saa sita hazipo. Kwa hiyo anayeamua ni watu wangapi watapona ni polisi wa kawaida wa kituo cha karibu: je, ana bunduki inayofaa, fulana ya kuzuia risasi, redio inayosikika, na amefunzwa kuingia mara moja badala ya kuzingira na kungoja wakubwa?

Ukiitazama DusitD2 kwa jicho hilo utaona tofauti. Ilitokea Nairobi, karibu na kambi, karibu na kila kitu, na waliofika kwanza waliingia bila kungojana. Sitaki kupunguza sifa zao, maana waliwatoa mamia ya watu. Lakini je, shambulizi kama lile likitokea Mandera au Wajir, vikosi vile vile vitafika kwa saa ngapi?

---

MwanaLamu alijibu:

Assalaam alaykum. Mazungumzo yote yamekuwa ya majengo, nami natoka mahali ambapo hakuna jengo la kuvamia.

Mpeketoni, huko kwetu Lamu, mwezi Juni 2014, watu zaidi ya 60 waliuawa mjini humo na vijiji vya karibu kwa muda wa siku mbili. Wauaji walitokea msituni na wakarudi msituni. Mwezi Septemba 2015 serikali ilianzisha operesheni ya Linda Boni, ambayo baadaye iliitwa Amani Boni, ikiongozwa na jeshi pamoja na polisi na idara nyingine. Huko sioni namna polisi wangeweza kutangulia. Msitu wa Boni unafika hadi mpaka wa Somalia, barabara zake hutegwa vilipuzi, na kundi dogo linaweza kukaa humo wiki nyingi. Kazi hiyo ni ya askari wanaojua kufuata nyayo, kulala porini na kuitisha helikopta. Hata kambi ya Manda Bay, wanapokaa pamoja wanajeshi wa Kenya na wa Marekani, ilishambuliwa alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 na Wamarekani watatu wakauawa. Adui anayethubutu kuvamia kambi ya kijeshi si wa kumtumia askari wa kituo mwenye bunduki moja.

Lakini naomba jambo hili lizingatiwe na wote wanaopanga vikosi. Komando wa msituni anategemea macho ya wenyeji. Mvuvi, mfugaji na Mwaboni anayerina asali ndio wanaoona moshi usio wa kawaida na nyayo zisizo za wenyeji. Kwa miaka kadhaa sisi tuliwekewa amri ya kutotoka usiku na marufuku ya kuvua usiku, na mvuvi wa Lamu asiyevua usiku hana riziki. Nyumba zilizolala njaa kwa ajili ya usalama hazikupata mtu wa kuzieleza kwa nini, wala lini mwisho wake. Jeshi likija na kukaa, lazima awepo mtu anayezungumza na wazee, anayepokea malalamiko ya kijana aliyepotea baada ya msako, na anayerudi na jibu. Bila huyo, makomando wanatembea gizani hata wakiwa na miwani ya kuonea usiku.

---

Mdadisi_Arusha aliandika tena:

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Sasa naelewa kwamba swali langu la tatu lilikuwa linachanganya kazi mbili, ya msituni na ya mjini. Limebaki moja. Baada ya Westgate, ni nini kilichobadilika ndani ya mfumo wenyewe, hata DusitD2 ikaenda vile? Au ilikuwa bahati tu ya adui kuwa wachache na eneo kuwa karibu?

---

AfandeMstaafu alijibu:

Haikuwa bahati, ingawa hoja ya ndugu yangu wa Garissa kuhusu umbali naikubali yote, na mpaka leo sioni jibu lingine ila kuwa na timu ndogo ya Recce na ndege iliyo tayari katika kila ukanda wa hatari.

Kilichoonekana DusitD2 ni kwamba polisi waliongoza, Recce wakaingia ghorofa kwa ghorofa, na makomando wa jeshi wakawa sehemu ya operesheni ya pamoja, badala ya kuwa jeshi la pili lenye mpango wake. Taarifa kwa umma zilitolewa kwa uangalifu zaidi. Westgate viongozi tofauti walitangaza mara kadhaa kwamba jengo limedhibitiwa, na milio ya risasi ikaendelea kusikika. Msemaji anayetangaza ushindi kabla ya wakati humwondolea kamanda nafasi ya kukiri kwamba bado hajui adui yuko wapi.

Kuna jambo jingine ambalo halijatajwa hapa, nalo ni ushahidi. Risasi zikinyamaza, mahali pale panakuwa eneo la uhalifu, na mwenye eneo la uhalifu ni mpelelezi. Westgate, sehemu ya jengo iliporomoka operesheni ikiendelea, na mwezi Oktoba 2013 jeshi lenyewe lilitangaza kwamba askari wake wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa wizi ndani ya jengo lile. Fikiria kazi ya mpelelezi anayeingia baada ya hayo kutafuta ganda la risasi, kadi ya simu au alama ya kidole. Hata hivyo kesi iliendeshwa kwa miaka mingi, na mwaka 2020 mahakama iliwatia hatiani watu wawili kwa kuwasaidia washambuliaji. Kesi ya Garissa nayo iliisha mwaka 2019 kwa mmoja kufungwa maisha na wawili miaka 41 kila mmoja. Hukumu hizo zilipatikana kwa rekodi za simu, stakabadhi na mashahidi, kazi ambayo hakuna komando anayefunzwa kuifanya.

Pale ambapo sijaridhika ni kwenye uwazi. Rais wa wakati huo aliahidi tume ya uchunguzi baada ya Westgate, na tume hiyo haikuundwa. Kamati ya pamoja ya Bunge iliandika ripoti, na mwaka 2014 Bunge la Taifa likaikataa. Mafunzo yaliyoleta mabadiliko yalibaki ndani ya vikosi, kwa maofisa waliokuwapo na waliozika wenzao. Maofisa hao wanastaafu kila mwaka. Napenda kuona utaratibu wa makabidhiano kati ya Inspekta Jenerali wa Polisi na Mkuu wa Majeshi ukiwa katika kanuni zilizopitishwa na Bunge, zenye kutaja cheo cha anayeamuru mahali pa tukio, masafa ya redio ya pamoja, na wakati ambao jeshi linaondoka na kuwaachia wapelelezi. Mambo ya siri ya mbinu yabaki siri. Lakini mwananchi aliyefiwa Westgate ana haki ya kujua kwamba askari wawili wa nchi moja hawataingia tena jengo moja kwa milango miwili bila kila mmoja kuwa na habari za mwenzake.